Tezi Dume: Kabla ya Kuuliza Dawa, Uliza Imefika Wapi

Mazungumzo haya yalitolewa Dar es Salaam mbele ya wanaume waliopata majibu ya saratani ya tezi dume hivi karibuni, pamoja na wake, watoto na ndugu waliowasindikiza. Tunayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Shikamooni wazee. Kina mama, salaam. Na ninyi vijana mliowaleta baba zenu, asanteni sana. Leo nitawategemea ninyi, maana kalamu mnazo ninyi.

Wengi mliokaa hapa mmepewa majibu ndani ya wiki chache zilizopita. Karatasi imeandikwa adenokasinoma, yaani saratani, ya tezi dume. Mmetoka chumba cha daktari, na kabla hamjafika stendi simu zimeanza kuita. Kuna shangazi anayejua mizizi. Kuna jirani ambaye shemeji yake alipelekwa India akapona. Kila mmoja anauliza: umepewa dawa gani? Sasa niwaulize, katika wote hao, nani ameuliza swali la kwanza? Nani ameuliza: imefika wapi?

Imefika wapi, na ina ukali gani. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Kwa sababu kwa ugonjwa huu huu, wenye jina hili hili, baba mmoja ataambiwa "tutakufuatilia kwa vipimo, dawa bado", na baba mwingine atalazwa leo leo. Wa kwanza hajapuuzwa, na wa pili hajaonewa. Hatua zao ni tofauti.

Najua hofu iliyopo. Mtu anajiuliza, hivi kweli kuna muda wa kupima yote hayo? Si bora nianze dawa kesho? Wazee wangu, kwa walio wengi muda upo. Uingereza walifanya utafiti mkubwa unaoitwa ProtecT. Wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado haijatoka mbali waligawanywa makundi matatu: wa kufanyiwa upasuaji, wa kupigwa mionzi, na wa kufuatiliwa tu kwa karibu. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Katika makundi yote matatu, takriban watu 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Narudia: katika makundi yote matatu, hata lile la kufuatiliwa. Lakini sikieni vizuri, hawa ni watu ambao hatua yao ilijulikana kwanza. Huwezi kujua kama habari hii njema ni yako mpaka hatua yako ipimwe. Wiki nne au sita za kupima vizuri hazijapotea. Zinazopotea ni miezi ya kuhangaika huku na huko bila jibu.

Tuanze na tezi yenyewe. Ina ukubwa wa ndimu ndogo, imekaa chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Juu yake kwa nyuma kuna vifuko viwili vya shahawa. Nyuma kabisa kuna puru, njia ya haja kubwa, na ndiyo maana daktari anaweza kuigusa kwa kidole. Pembeni, kushoto na kulia, zinapita neva zinazosimamisha uume. Ukishaijua ramani hiyo, herufi ya kwanza kwenye karatasi yako itaeleweka.

Herufi hiyo ni T. Kuna mfumo unaotumika dunia nzima wa T, N na M, ulioasisiwa na daktari wa upasuaji Mfaransa, Pierre Denoix, katika miaka ya 1940, ili daktari wa hapa na daktari wa Paris wakisema jambo moja wawe wanaona jambo moja. T ni uvimbe wenyewe umefika wapi. N ni mitoki, yaani tezi za limfu zilizo ndani ya nyonga. M ni kusambaa mbali.

T1 maana yake kidole hakikuugusa. Ukiona T1c, saratani imepatikana kwa sindano baada ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, kupanda. T1a na T1b ni habari nyingine, na hapa nataka mkae nayo kidogo. Chukueni mfano wa mzee anayepata shida ya kukojoa. Anafanyiwa upasuaji wa kukwangua tezi kwa kupitia njia ya mkojo, akijua ni uvimbe wa kawaida wa uzee. Vinyama vilivyokwanguliwa vinapaswa kwenda maabara. Vikipimwa na saratani ikakutwa katika asilimia 5 au chini ya hapo, ni T1a. Ikizidi hapo, ni T1b. Ni wapi mambo huharibika? Familia inaambiwa kipimo cha maabara kinalipiwa pembeni, hela imekwisha, na ndoo ya vinyama inamwagwa. Mzee anarudi nyumbani akiwa amepona mkojo, na saratani imebaki bila jina. Baada ya miaka, anarudi akiwa na maumivu ya mgongo. Jamani, kama kuna mtu katika ukoo wenu anakwenda kukwanguliwa tezi, ulizeni mapema gharama ya patholojia, yaani kipimo hicho cha maabara, na muiweke kando kabla ya siku ya upasuaji.

T2, uvimbe unagusika lakini bado umo ndani ya tezi. T2a ni nusu ya upande mmoja au pungufu, T2b umezidi nusu ya upande huo, T2c umeshika pande zote mbili. T3a, umetoboa gamba la tezi na kutoka nje. T3b, umeingia kwenye vifuko vya shahawa. T4, umeshika jirani: kibofu, puru, misuli ya kuzuia mkojo au ukuta wa nyonga.

Kwa nini tunajali sana kati ya T2 na T3? Kwa sababu ya zile neva za pembeni. Uvimbe uliobaki ndani unampa daktari wa upasuaji nafasi ya kuziacha neva. Uliotoboa gamba unaweza kumlazimu azikate upande ule, la sivyo anaacha saratani nyuma. Kwa hiyo baba ukiuliza "nguvu zangu za kiume zitakuwaje?", na una haki kabisa ya kuuliza mbele ya mkeo, jibu linaanzia kwenye T.

Kidole kina mipaka yake. Kinagusa sehemu ya nyuma tu. Kilicho mbele hakifikii. MRI, picha ya mashine ya sumaku, ndiyo inayoonyesha gamba na vifuko kwa ndani. Hapa kuna kosa linalojirudia: mtu anachomwa sindano za kinyama, yaani za kuchukua vipande vya tezi vikapimwe, Jumatatu, Ijumaa anapelekwa MRI. Ndani ya tezi bado kuna damu iliyovilia, na damu hiyo kwenye picha inaweza kuficha saratani au kujifanya saratani. Ni bora MRI itangulie kabla ya kinyama. Kama kinyama kimeshachukuliwa, subiri wiki 6 hadi 8. Na mwenye betri ya moyo au chuma chochote mwilini aseme kabla hajafika mlangoni mwa chumba cha mashine.

Sasa tuje kwenye ukali. Nani hapa ameona kwenye karatasi yake neno Gleason? Inueni mikono. Naona mikono mingi. Na ni wangapi wameelezwa maana yake? Naona michache.

Gleason ni jina la mtu. Donald Gleason alikuwa mwanapatholojia wa hospitali ya maveterani huko Minneapolis, Marekani. Katika miaka ya 1960 alikaa na vioo vya hadubini, akaangalia jinsi seli za saratani ya tezi dume zinavyojipanga, akazipa namba 1 hadi 5. Zinazofanana na tezi ya kawaida zikapata namba ndogo. Zilizovurugika kabisa zikapata 5. Akagundua pia kwamba tezi moja huwa na mipangilio zaidi ya mmoja. Ndiyo maana karatasi yako ina namba mbili na alama ya kujumlisha. Kwa kawaida ya kwanza ni ule mpangilio uliotawala, na ya pili ni unaofuata. Kwenye kinyama cha sindano, kama kuna mpangilio mkali zaidi, huo ndio unaoandikwa wa pili hata ukiwa kidogo.

Siku hizi 1 na 2 hazitumiki kwenye kinyama cha sindano. Ndogo kuliko zote ni 3 kujumlisha 3, sawa na 6. Mtu akisoma "6 kati ya 10" anadhani amekwisha vuka nusu ya njia. Hapana! Sita ndiyo ya chini kabisa. Sita ndiyo mwanzo.

Kwa kuwa mkanganyiko huu uliwatesa wagonjwa dunia nzima, wanapatholojia walikubaliana mwaka 2014 kupanga makundi matano ya daraja. Andikeni. 3+3 ni kundi la 1. 3+4 ni kundi la 2. 4+3 ni kundi la 3. Jumla ya 8 ni kundi la 4. Jumla ya 9 au 10 ni kundi la 5.

Je, mmeona kitu hapo? 3+4 ni saba, na 4+3 pia ni saba. Fikirini ndugu wawili, wa baba mmoja, wote wamepimwa mwezi mmoja. Mkubwa anamwambia mdogo kwa simu: "Mimi saba." Mdogo anajibu: "Na mimi saba." Wanapeana moyo, wanaamua watatumia matibabu yale yale. Mkubwa ni 3+4: sehemu kubwa ya saratani yake ni ya polepole. Mdogo ni 4+3: sehemu kubwa ni ile kali. Hawako kundi moja, hawana hatua moja, na huenda daktari akamwongezea mdogo sindano za homoni, yaani za kushusha homoni ya kiume, ambazo mkubwa hazihitaji. Usiseme jumla peke yake. Soma namba zote mbili, kwa mpangilio zilivyoandikwa.

Karatasi ya kinyama nzuri ina zaidi ya Gleason. Kwa kawaida huchukuliwa vipande 12, sita kila upande. Karatasi iseme vingapi vina saratani, na kila kimoja asilimia ngapi. Kipande kimoja kati ya 12 chenye asilimia 5 si sawa na vipande 11 vilivyojaa. Hili nalo huharibika mapema, palepale chumba cha kinyama: vipande vyote vinatumbukizwa kwenye kichupa kimoja, na upande wa kushoto na wa kulia haviwezi kutenganishwa tena. Unaweza kuuliza kwa adabu tu, "Daktari, pande mbili zitawekwa kwenye vichupa tofauti?" Vichupa viwe na formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, na viandikwe jina na upande. Kinyama kikikaa bila formalini kinaoza, na mwanapatholojia hawezi kukipa daraja. Nyama yako inahifadhiwa maabara ndani ya vipande vya nta. Ukitaka maoni ya pili huna haja ya kuchomwa tena, unaomba nta ile au vioo vyake. Na aliyechomwa akipata homa au baridi ya kutetemeka siku zile za mwanzo asinywe panadol akalala. Aende hospitali siku hiyo hiyo, maambukizi ya kwenye damu hayangoji. Damu kidogo kwenye mkojo kwa siku chache, au kwenye shahawa kwa wiki kadhaa, hiyo isikutishe.

Cha tatu ni PSA, na wengi mnaijua. Ni protini inayotengenezwa na tezi dume, inapimwa kwenye damu kwa nanogramu katika kila mililita. Baada ya saratani kuthibitishwa, mistari inayotazamwa ni miwili: 10 na 20. Chini ya 10, kati ya 10 na 20, na 20 kwenda juu. Ukifika 20, hata kama uvimbe bado umo ndani ya tezi na daraja ni dogo, unahesabiwa hatua ya tatu kati ya nne.

Kwa hiyo PSA iliyopimwa vibaya inaweza kukuhamisha hatua. Chukueni baba aliyekwama mkojo usiku, akawekewa mpira, akapata na maambukizi ya njia ya mkojo, na asubuhi yake akatolewa damu ya PSA. Inasoma 34. Sehemu ya 34 hiyo ni saratani, sehemu ni mpira na maambukizi. Maambukizi yatibiwe, kisha zipite wiki 6 hadi 8, ipimwe upya. Vivyo hivyo usipime mara tu baada ya kinyama, wala ndani ya siku mbili baada ya kukutana na mkeo.

Upande wa pili, kuna dawa zinazoishusha. Wangapi hapa wanameza finasteride au dutasteride kwa ajili ya mkojo? Baada ya miezi sita hivi dawa hizo huikata PSA nusu. Karatasi ikisema 11 na umeimeza mwaka mzima, daktari anapaswa kuisoma kama 22. Mnaona? Kumi na moja imevuka mstari wa ishirini. Usipomwambia daktari unameza nini, utapangiwa hatua isiyo yako. Beba boksi la dawa.

Sasa naomba utulivu, maana hapa ndipo machozi mengi humwagika bure. Nazungumzia namba nne.

Mtu anatoka kliniki akiwa ameshika neno moja tu, nne. Anarudi nyumbani anasema "nina kansa stage four". Mke analia, watoto wanaitwa kutoka mikoani, kiwanja kinatafutiwa mnunuzi. Ukiisoma karatasi unakuta nini? Gleason 4+4. Hiyo nne ni mpangilio wa seli, siyo hatua. Au imeandikwa kundi la daraja la 4. Hilo nalo ni ukali, siyo hatua. Au PSA yake ni 4. Au ni T4, ambayo ni uvimbe ulioshika viungo jirani. Na T4 yenyewe, kama mitoki ni safi na mifupa ni safi, inahesabiwa hatua ya tatu. Hatua ya nne ni moja tu: ile ambayo saratani imekutwa kwenye mitoki au imesambaa mbali. Zote ni nne. Moja tu ndiyo hatua ya nne. Kwa hiyo kabla hujampigia mtu simu, muulize daktari: "Hii nne ni ya nini?"

Na hata hatua ya nne yenyewe ina sehemu mbili. Ya nne A ni mitoki ya ndani ya nyonga, wanaandika N1. Huyu bado anaweza kutibiwa kwa nia ya kuponya, kwa mionzi na homoni za muda mrefu. Ya nne B ni M1: mitoki ya mbali, M1a, mifupa, M1b, viungo vingine kama ini au mapafu, M1c. Mpangilio huu ninaowapa ni wa toleo la 8 la AJCC, kamati ya Marekani inayopanga hatua za saratani, linalotumika tangu 2018, na unaunganisha T, N, M, PSA na kundi la daraja kwa pamoja. Ndiyo maana daktari hawezi kukupa hatua kamili kwa karatasi moja. Kundi la daraja la 5, kwa mfano, linakupeleka hatua ya tatu hata kama kidole hakikugusa kitu.

N na M vinapimwaje? Kwa kawaida ni CT, eksirei ya kompyuta, ya tumbo na nyonga, na skani ya mifupa. Kabla ya CT yenye dawa ya kung'arisha, kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ipimwe, kwa sababu tezi iliyoziba mkojo kwa muda huwa imeshaumiza figo, na dawa ile inaweza kuziumiza zaidi. Mwenye kisukari anayemeza metformini aseme. Skani ya mifupa ni tofauti: unachomwa sindano yenye mionzi kidogo, unasubiri kama saa tatu huku ukinywa maji na kukojoa mara kwa mara, kisha unalala chini ya mashine. Siku hiyo usimpakate mjukuu, na mjamzito asikae karibu yako.

Je, kila mtu anahitaji skani ya mifupa? Hapana. Mwenye PSA chini ya 10, kundi la daraja la 1, na hana maumivu ya mifupa, skani hiyo mara chache sana itakuta kitu cha kweli. Hela yake ni bora iende kwenye MRI. Mwenye PSA iliyovuka 20, au kundi la 4 na 5, au T3 kwenda juu, au mwenye maumivu mapya ya mgongo na nyonga, huyo skani ni lazima, na kwa kundi la 3 madaktari wengi wataitaka pia.

Tena doa kwenye skani si saratani moja kwa moja. Skani inaonyesha mahali mfupa unafanya kazi ya kujijenga. Tuseme baba alianguka na bodaboda mwaka jana, mbavu mbili zikapata ufa. Zitawaka. Goti lililoliwa na baridi yabisi litawaka. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kitawaka. Msomaji wa picha asipoambiwa kuhusu bodaboda, mbavu zile zinaweza kuandikwa M1b, na mtu aliyefaa kuponywa akatibiwa kama wa kutulizwa tu. Simulia ajali zako zote. Doa lenye shaka lipigwe eksirei au CT ya pale pale.

Na likiwa kweli ni saratani, ulizeni ni madoa mangapi na yako wapi. Hili si swali la udadisi. Mwenye madoa machache kwenye uti na nyonga, akipewa homoni, ananufaika pia kwa mionzi ya kwenye tezi yenyewe, inamwongezea maisha. Mwenye madoa manne au zaidi, na angalau moja liko nje ya uti na nyonga, anahesabiwa kuwa na mzigo mkubwa, na mpango wake ni mwingine: homoni pamoja na dawa nyingine za kuongeza nguvu. "Imesambaa" halitoshi kama jibu.

Najua mtaniuliza kuhusu kipimo cha picha kiitwacho PET. Nairobi kuna hospitali zinazoifanya, na inaona madoa madogo ambayo skani ya kawaida haiyaoni. Ni kipimo kizuri. Lakini nasema kwa moyo wote, usiuze shamba la familia kwa ajili yake kabla hujamuuliza daktari kama jibu lake litabadilisha matibabu. Sehemu kubwa ya ushahidi tunaotumia kuchagua dawa ulitokana na CT na skani ya kawaida ya mifupa.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuuma zaidi sisi tunaofanya kazi hii. Mwaka 1941 huko Chicago, daktari Charles Huggins alionyesha kwamba ukiondoa homoni ya kiume, saratani ya tezi dume inanywea. Alipewa Nobel mwaka 1966. Mpaka leo tunatumia ugunduzi wake, kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji wa kutoa korodani, ambao ni wa mara moja na gharama yake ni nafuu. Ni tiba halali, na imewainua watu waliokuwa hawatembei. Lakini kwa sababu ni rahisi, inatangulizwa. Mwanaume wa miaka 61, PSA 16, kinyama kimechukuliwa, hakuna picha hata moja iliyopigwa, na tayari ameshatolewa korodani. Anapokuja kwenye kliniki ya mionzi, PSA imeshuka mpaka 0.4, tezi imenywea. Alikuwa T2 au T3? Haijulikani tena. Mitoki ilikuwa na kitu? Huenda ilikuwa nacho kikasinyaa. Na kama alikuwa na saratani ya kati, angeweza kupewa mionzi na sindano kwa miezi 4 hadi 6 tu, homoni yake ikarudi. Sasa hairudi.

Korodani hazirudi, wazee wangu. Kabla hujatia sahihi, uliza: hatua yangu ni ipi, na imeandikwa wapi?

Wapo ambao kwao kusubiri ni kosa, na hao wanatibiwa kwanza, vipimo vinafuata. Mwenye maumivu ya mgongo yanayozidi akilala, kisha miguu ikawa mizito, au ganzi ikaingia sehemu anazokalia, au mkojo na haja vikagoma ghafla: uvimbe unabana uti wa mgongo. Huyu asingoje tarehe ya kliniki wala kukandwa kwa maji ya moto. Apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, apewe dawa ya dexamethasone, apigwe MRI ya uti mzima. Anayeingia hospitali akitembea ana nafasi kubwa ya kutoka akitembea. Ambaye miguu imekwisha lala siku kadhaa, nafasi hiyo ni ndogo sana. Kwa mgonjwa kama huyu kutoa korodani kuna faida, maana homoni inashuka ndani ya saa chache, wakati sindano ya aina ya goserelini huipandisha kwanza kwa wiki moja au mbili. Ndiyo maana sindano hiyo hutanguliwa na vidonge vya bikalutamide, vya kuizuia homoni hiyo isifanye kazi. Ukiandikiwa sindano bila vidonge, uliza. Na mwenye figo zinazofeli kwa kuzibwa, afunguliwe mkojo kwanza.

Jambo dogo kwa watakaofanyiwa upasuaji: hatua ya mwanzo huandikwa na herufi c, ni makadirio ya kitabibu. Tezi ikitolewa na kupimwa yote, inaandikwa p, na inaweza kubadilika. cT2 ikawa pT3a. Daktari hakukudanganya, maabara sasa imeona tezi nzima. Ifuateni karatasi hiyo ya pili, wengi huiacha maabara.

Vijana, kalamu zenu. Ukifika kliniki ya saratani, iwe Ocean Road, Bugando au KCMC, faili la mzee liwe na haya: karatasi zote za PSA pamoja na tarehe, siyo ya mwisho tu, karatasi ya kinyama yenye Gleason na idadi ya vipande, CD za picha, siyo majibu yaliyochapwa peke yake, kreatinini, wingi wa damu, na alkalini fosfatasi, ambayo ikipanda inatufanya tuitazame mifupa, orodha ya dawa, na karatasi moja ya magonjwa na ajali za zamani. Piga picha kila karatasi kwa simu na umtumie ndugu mmoja azihifadhi. Kisha uliza na uandike majibu: T ngapi? N ngapi? M ngapi? Gleason gani kujumlisha gani, na kundi lipi? PSA kabla ya dawa yoyote ilikuwa ngapi? Hatua ni ipi, na tunatibu kwa kuponya au kwa kudhibiti?

Na ninyi mlioshika kalamu, watoto wa kiume wa wazee hawa, na kaka zao. Baba au kaka akiwa na ugonjwa huu, hatari yako imepanda kuliko ya mwanaume mwingine. Zungumza na daktari kuhusu PSA kuanzia miaka 40 hadi 45, usingoje 50 wala usingoje mkojo ukwame. Kama upande wa mama kuna saratani ya titi au ya ovari, mtajie daktari na hiyo, kwa sababu kuna kasoro za kurithi zinazounganisha magonjwa haya matatu.

Kipaza sauti kiende kwa maswali. Tuanze na kina mama, halafu wazee.